Barua ya Wazi kutoka Karatu: Msitusome kwa Rangi ya Fulana

Kwa Mwenyekiti wa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi,
Kwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Nakala: Makatibu wakuu wa vyama vya siasa, mliotawala na mliozuiwa.

Waheshimiwa,

YAH: KURA ZA MJI MDOGO

Shikamooni mnaostahili shikamoo, na wengine hamjambo.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi wilayani Karatu, mkoa wa Arusha, miaka thelathini na ushee, na kwa kuwa vituo vya kupigia kura huku kwetu ni madarasa yetu hayahaya, nilijikuta mara mbili nimepewa kazi ya kusimamia kituo, na baada ya kustaafu nikakaa mara moja kwenye benchi la mawakala. Sisemi ni wakala wa chama gani. Kura za huku nimezishika, nimezikunjua, nimezihesabu kwa kulamba kidole kama muuza duka anavyohesabu noti. Nina jambo moja tu la kuwaambia: mnazisoma vibaya.

Huko mliko mna ramani. Kila baada ya miaka mitano wachambuzi wanaipaka rangi, kijani ya CCM huku, rangi ya Chadema, wale wa magwanda, kule, na Karatu ikapewa jina: ngome. Tulikuwa ngome ya Chadema miaka 25. Ilipofika 2020 kiti kikaenda CCM, tukaambiwa tumekombolewa. Nilicheka siku ile peke yangu jikoni. Ngome ina kuta na mizinga. Karatu ina barabara moja ya lami inayotoka Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikapanda Rhotia mpaka lango la Ngorongoro, na magari ya watalii yanapita hapo asubuhi yakiwa na haraka, jioni yakiwa na vumbi. Kushoto na kulia mwa lami ni mahindi, maharage, ngano, kahawa ya Oldeani, na ukishuka bondeni kuelekea Ziwa Eyasi ni vitunguu vya Mang'ola. Mkulima wa kitunguu anayelazimishwa kuuza gunia la lumbesa, lililojazwa mpaka likavimba juu, kwa bei ya gunia la kawaida si mlinzi wa ngome ya mtu. Ana hasira zake mwenyewe, na zina sababu zake.

Naomba niwarudishe nyuma kidogo, maana wengi wenu mnaanza hesabu 1995. Anzeni 1960.

Mwaka huo ulifanyika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. TANU, chama cha Mwalimu Nyerere, ilichukua viti 70 kati ya 71. Nchi nzima ilikuwa ni wimbo mmoja. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa Mbulu, na wakati ule Karatu ilikuwa ndani ya Mbulu. Nimesikia vijana wenye digrii wakieleza kwamba Mbulu ilikuwa ya kwanza kuchagua upinzani. Si kweli. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mwana-TANU, akaona hapana, akasimama kama mgombea binafsi, na wananchi wakamchagua yeye. Yaani mahali pekee TANU iliposhindwa, ilishindwa na mwana-TANU. Watu hawakukikataa chama, walikataa kupangiwa mtu.

Sasa rukeni miaka 35. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu vifutwe, Dk. Willibrod Slaa, aliyekuwa padri, aliomba ubunge wa Karatu kupitia CCM. Jina lake likakatwa. Akachukua kadi ya Chadema, chama ambacho wakati ule vijijini kwetu watu wengi walikuwa hawajui hata alama yake ya vidole viwili ina maana gani, na Karatu ikampeleka bungeni. Ikampeleka tena 2000. Ikampeleka tena 2005, mwaka ambao Kikwete wa CCM alizoa asilimia 80 ya kura za urais na Chadema ikabaki na wabunge wa majimbo watano tu nchi nzima. Mnaona kisa kinavyojirudia? Mtu tunayemjua, jina likakatwa na watu wasiotujua, tukampeleka kwa njia nyingine.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kumsikia mchambuzi hata mmoja akiligusa. Mwaka 1995 Chadema haikuwa na mgombea urais. Mwaka 2000 vilevile. Karatasi za urais zilikuwa na majina manne miaka yote miwili: Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo. Kwa hiyo kila mtu wa Karatu aliyempa Slaa kura ya ubunge, kama alipiga na ya urais, alilazimika kumpa mtu wa chama kingine. Chaguzi mbili mfululizo tulijifunza kuchanganya, hatukuwa na namna. Halafu mnakuja kutuimbia mafiga matatu.

Hayo mafiga matatu niyaseme kidogo, kwa sababu yamenichosha. Kila kampeni anakuja mtu na kofia mpya anatuambia chungu hakikai kwenye figa moja, kwa hiyo rais, mbunge na diwani wote watoke chama kimoja. Bibi yangu mzaa mama alipikia mafiga maisha yake yote. La kwanza alilitoa korongoni. La pili lilikuwa jiwe la shambani lililomvunja mumewe jembe. La tatu lilikuwa kipande cha tofali lililobaki watu walipojenga kanisa. Chungu hakikumwagika hata siku moja. Figa linatakiwa lilingane urefu na lisipasuke kwa moto, basi. Limetoka wapi, hakuna mpishi anayeuliza.

Turudi kituoni. Nawaelezea usiku mmoja wa 2015, tukihesabu. Darasa la tano, ubaoni bado kuna hesabu za sehemu nilizoandika Ijumaa, maana hakuna aliyefuta. Taa ya sola ilikuwa inafifia, tukaongeza tochi za simu. Masanduku matatu: rais, mbunge, diwani. Tunamwaga, tunapanga mafungu juu ya madawati, mawakala wamenyoosha shingo kama korongo. Ukishahesabu mara kadhaa unajua kabla ya jumla kuandikwa, kwa kuangalia tu kimo cha mafungu. Fungu la urais na fungu la ubunge la chama kilekile hayakuwa na kimo kimoja. La udiwani nalo lilikuwa na lake. Watu walewale, wamepanga foleni ileile tangu alfajiri wakiwa wamevaa makoti kwa baridi ya Karatu, wameingia kibanda kilekile cha maboksi, wametoka na maamuzi matatu tofauti. Ungewauliza nje wangekuambia "kura ni siri", na mzee mmoja angeongeza kwamba yeye alivaa fulana ya hawa kwa sababu ilikuwa nzima, na kanga mke wake alipewa na wale.

Usiku ule ilitoka karatasi moja ambayo ilitugombanisha robo saa. Haikuwa na alama ya vema popote. Katikati, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunzia kuandika ukubwani, ilikuwa imeandikwa MAJI. Wakala mmoja alidai herufi M imeingia kwenye kisanduku cha mgombea wake, kwa hiyo ihesabiwe. Mwingine akasema hata I imeingia kwa wa kwake. Kanuni ni kanuni, nikaiweka kwenye fungu la zilizoharibika. Nimeifikiria karatasi ile miaka yote hii. Ile ndiyo kura iliyokuwa wazi kuliko zote mle ndani, na ndiyo iliyohesabiwa kama takataka.

Maji, kwa wasiojua, ndiyo siasa ya huku. Kuna miaka tumenunua dumu la lita ishirini kwa bei ambayo mtu wa mjini angedhani ni soda. Na nimekaa kwenye mkutano, kwenye uwanja wa shule, nikamsikia mgombea (chama chake nakihifadhi, na jina nalihifadhi) akisema kwa utulivu kabisa: "Mkikosea kura, msije kuniuliza bomba." Watu walipiga makofi. Huku mtu akikutisha hadharani unampigia makofi, halafu unaenda kumjibu kibandani. Mama mmoja jirani yangu aliniambia tukirudi: "Mwalimu, huyu ametuambia maji ni ya kwake." Hakuongeza neno. Kata yetu haikumpa.

Kwa hiyo mnaposema Karatu ina mwelekeo wa kisiasa, nakubali upo. Ila si ule mliouandika. Hatuna ugomvi na kijani wala mapenzi na gwanda. Tuna tabia ya kumwadhibu anayetupangia na anayetutisha. Nyinyi mnatibu ugonjwa mwingine.

Sasa nikiri, kwa sababu mwalimu akidanganya watoto wanajua: hoja yangu ina mahali inayumba. Mwaka 2010 Slaa aliacha jimbo akagombea urais, akapata kura zaidi ya milioni mbili nchi nzima, asilimia 26 hivi, na Karatu ikamchagua Mchungaji Israel Natse wa chama kilekile. Mwaka 2015 chama kikamleta Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, agombee urais, Slaa akajiondoa kwenye siasa za chama, na bado Karatu ikachagua Willy Qambalo wa Chadema. Kama tunachagua mtu, mbona mtu aliondoka na chama kikabaki? Nimejiuliza sana. Nadhani baada ya miaka kumi na tano tulikuwa tumezoea kuwa na mtu bungeni anayeweza kusema hapana kwa niaba yetu bila kuogopa kuitwa na wakubwa wake. Mazoea ni kitu kikubwa, hata kwenye chumvi. Na viongozi wa Chadema wasijipongeze mno kwa hilo. Nao walituhesabu kama mali ya ghalani. Kuna chaguzi walikuja mara moja na helikopta, vumbi likaingia kwenye sufuria za mama ntilie, wakanyoosha vidole viwili, wakaondoka. Tulikuwa "tayari wao".

Yaliyofuata mnayajua kuliko mimi, maana yalitoka kwenu. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, unaosimamiwa na TAMISEMI, wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu kwa makosa ya fomu, vyama vikuu vikasusia, CCM ikatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mimi nimesahihisha mitihani ya darasa la saba miaka mingi. Shule nzima ikipata asilimia 99 hisabati, hatuwapongezi walimu, tunaita mkaguzi. Mwaka 2020 upinzani wote ulipata majimbo manane kati ya 264, Chadema moja tu, Nkasi Kaskazini. Mwaka 2024 vijiji na vitongoji vikarudi kwenye takriban asilimia 99 ileile. Na Oktoba 29, 2025, chama kilichoshinda Karatu mara tano hakikuwepo kwenye karatasi kabisa, kwa kuwa kilikataa kusaini kanuni za maadili mwezi Aprili na Tume ikakifungia. Rais akatangazwa kwa asilimia 97.66. Yaliyotokea mitaani kuanzia siku ile yaliundiwa tume ya uchunguzi, na yana waliofiwa. Barua hii si mahali pake, ingawa kalamu imenikwama hapa muda mrefu.

Ninachouliza ni kidogo, na ni cha kiofisi: sasa mnatusoma kwa kitu gani? Chini ya asilimia 97 kulikuwa na mafungu ya kimo tofauti, kulikuwa na kata iliyomkataa mtu wa bomba, kulikuwa na karatasi iliyoandikwa MAJI. Mmevipiga pasi vyote. Mkuu wa wilaya mpya akija anauliza "hawa watu wanataka nini?", jibu limo ndani ya kura ambazo hazikupigwa. Hata mahudhurio hayasemi tena. Mwaka 2010 walijitokeza kama 43 kwa mia nchi nzima, 2015 wakapanda hadi 67, 2020 wakashuka hadi 50 na kitu. Kwa mwalimu anayejua kusoma rejista, zile zilikuwa taarifa: mwaka huu wamechoka, mwaka huu wana matumaini, mwaka huu wameogopa au wamepuuza. Sasa tumeambiwa 87, na mimi niliyekaa kibarazani siku ile nikiangalia njia ya kwenda shuleni, sitasema zaidi.

Mwalimu Nyerere hakuwa malaika, na chama kimoja kilikuwa chama kimoja. Lakini mwaka 1965, kwenye mfumo uliokataza upinzani, karatasi ya ubunge ilikuwa na watu wawili, mmoja alama yake jembe na mwingine nyumba. Wote TANU. Na watu wakawaangusha mawaziri, akiwemo Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Wazee wetu walikuwa na nafasi ya kusema "huyu hapana" chini ya chama kimoja. Wajukuu wao, kwenye vyama vingi, wamekuta vijiji vingi mwenyekiti amepita bila kupingwa. Hata ndani ya CCM yenyewe watia nia wanajua: kura za maoni zikishapigwa jina bado linaweza kukatwa juu. Nilidhani 1960 na 1995 zilitosha kuwafundisha jambo la kukata majina.

Tuna majirani zetu pia, naomba msiwasahau kwa sababu wanakuja mnada wetu. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro. Mtu aliamka akiwa hana kijiji, na vituo vyao vya kura vikawa vimepelekwa Msomera, mkoa wa Tanga. Ilibidi maelfu wakae barabarani siku kadhaa wakiwa wamevaa mashuka yao mekundu, na Mahakama Kuu Arusha isimamishe tangazo, ndipo serikali ikaja kusema huduma na uchaguzi vitarudi. Wale hawakuonekana wana mwelekeo mbaya wa kura. Walionekana hawapo.

Basi nadai nini?

Kwanza matokeo ya kila kituo. Sheria inataka fomu ibandikwe nje ya kituo, na ya kwetu tuliipigilia kwa misumari kwenye mlango wa darasa la tano. Mvua ya kwanza ikaichukua. Tume hututangazia jimbo zima kama gunia lililoshonwa. Kenya mwaka 2022 waliweka mtandaoni fomu za vituo zaidi ya 46,000, mtu wa Turkana na mtu wa Lamu wakajumlisha wenyewe kwa simu. Sisi tuna simu hizohizo. Wekeni za nyuma pia, 2015, 2020 na 2025, kituo kwa kituo, pamoja na idadi ya zilizoharibika. Mimi nitaanza na kituo changu, nalingojea kwa hamu fungu lile la zilizoharibika.

La pili ni la wasimamizi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi, Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua. Sheria ya 2024 imeipa Tume neno "Huru" katika jina. Sawa. Lakini msimamizi akiwa mtumishi anayejua uhamisho wake unasainiwa na nani, uhuru wa jina haumsaidii usiku wa manane akiwa na mkuu wa wilaya kwenye simu. Nasema hivi bila kumdharau yeyote. Nimekuwa mtumishi, najua simu ile inavyolia. Na serikali za mitaa zitoke TAMISEMI ziende Tume, tusizunguke.

Kuhusu wagombea kuenguliwa kwa kukosea kuandika "kijiji" badala ya "kitongoji", nimeandika ripoti za wanafunzi maelfu. Kosa la namna hiyo unamrudishia mtoto daftari, anasahihisha, anakurudishia.

Na wagombea wa vyama vyote, bomba msilitaje tena kama la kwenu. Kodi tunalipa hata miaka tuliyochagua vibaya.

Mkijibu, jibu msilipeleke kwa mkuu wa wilaya wala ofisi za vyama. Libandikeni kwenye mlango wa darasa la tano, misumari ya fomu bado ipo. Tunapita hapo kila Jumapili tukitoka kanisani, tutalisoma kwa pamoja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Karatu.